Shali ya phulkari si pashmina: sufu, sindano na majina yanayochanganywa

Katika maduka ya mitandio ya Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, karibu kila kitambaa kirefu cha kujitanda mabegani huitwa pashmina, hata kama ni poliesta tupu. Juu ya mkanganyiko huo limeongezeka jina jingine, phulkari. Matangazo ya mtandaoni yanauza "phulkari pashmina", "phulkari ya Kashmir", "sufu halisi ya phulkari", mara nyingine kwa picha ileile na bei zilizoachana mbali. Mnunuzi ana haki ya kuuliza: phulkari ni kitambaa, ni mtindo, au ni mahali?

Phulkari ni kazi ya sindano. Ni udarizi uliozaliwa Punjab, nchi ya mito mitano ambayo tangu 1947 imegawanyika kati ya India na Pakistan. Kwa Kipunjabi jina hilo ni kazi ya maua tu, na halisemi lolote kuhusu kitambaa kilicho chini ya nyuzi. Pashmina, kwa upande wake, ni manyoya: yale mororo ya chini yanayomea kwenye mbuzi wa nyanda za juu zenye baridi kali, hasa Ladakh, kaskazini kabisa mwa India, yenye unene wa maikroni 12 hadi 16 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Sufu ya kawaida ni ya kondoo na ni nene zaidi. Hata ile laini ya merino huwa kama maikroni 18 hadi 24. Kashmir ni mahali, tena penye udarizi wake ambao si phulkari. Kwa hiyo shali inaweza kuwa ya sufu ya kondoo, imefumwa Amritsar, mji wa Punjab, imedariziwa phulkari, na isiwe na undugu wowote na pashmina wala Kashmir. Hiyo ndiyo shali ya makala haya.

Ilianza kwenye pamba

Jambo la kwanza linalowashangaza wengi ni kwamba phulkari ya zamani haikuwa ya sufu hata kidogo. Ilikuwa ya khaddar, yaani pamba nzito iliyosokotwa na kufumwa kwa mkono. Vitanda vya kufumia vilikuwa vyembamba, hivyo shuka moja iliunganishwa kwa vipande viwili au vitatu vilivyoshonwa ubavu kwa ubavu. Kitambaa kilitiwa rangi nyekundu ya mizizi ya mmea wa manjit, au buluu ya nili, au kikaachwa cheupe. Uzi wa kudarizia uliitwa pat: hariri isiyosokotwa, iliyolegea na yenye kung'aa.

Unene wa khaddar ulikuwa na kazi yake. Kila kitambaa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda urefu, na za mshindio, zinazokatiza. Kwenye khaddar nyuzi hizo ni nene na zinaonekana kwa macho, kwa hiyo zinahesabika. Mdarizi aliketi upande wa nyuma wa kitambaa ukimtazama. Aliinua uzi mmoja wa kitambaa kwa ncha ya sindano, akaruka kadhaa, akainua mwingine. Yeye aliona vidoti vidogo tu. Mistari mirefu ya hariri ililala upande wa mbele, asikotazama. Anayejua kusuka mkeka wa ukindu wa rangi ataelewa mara moja: ua halichorwi, linahesabiwa.

Kuna siri nyingine ambayo ndiyo uhai wa phulkari yote. Hariri isiyosokotwa hurudisha mwanga kulingana na upande ilikolala. Mshono ukienda wima unang'aa kwa namna moja. Ukienda mlalo unang'aa kwa nyingine. Mdarizi akigawa umbo la almasi mara nne, robo mbili akazijaza wima na mbili mlalo, uzi wa rangi moja ya dhahabu utaonekana kama rangi mbili, na ukigeuza kitambaa dirishani rangi hizo zitabadilishana nafasi. Picha nyingi za matangazo hazionyeshi jambo hili kwa sababu zinapigwa kwa mwanga bapa wa mbele.

Phulkari zenyewe zina majina kulingana na kazi yake. Ile iliyojazwa nyuzi mpaka kitambaa cha chini hakionekani huitwa bagh, yaani bustani, na kuikamilisha kungeweza kuchukua mwaka au zaidi. Chope ilitolewa na nyanya mzaa mama wa bibi harusi, nayo ni ya ajabu kidogo kwa sababu imeshonwa ili pande zote mbili zifanane. Thirma ni ile ya kitambaa cheupe. Darshan dwar ina michoro ya milango mirefu na ilitolewa sadaka katika nyumba za ibada. Sainchi, ya kusini mwa Punjab ya India kuzunguka Bathinda na Faridkot, ndiyo yenye picha za maisha: treni, ng'ombe, mwanamke anayesaga, mapambo ya shingoni. Katika sainchi michoro ilichorwa kwanza kwa wino, kwa hiyo hata zamani kuhesabu nyuzi hakukuwa njia pekee. Tulikumbuke hilo, maana litatufaa tukifika kwenye sufu.

Hapa inafaa kuondoa dhana moja iliyoenea. Wengi wetu tuliizoea phulkari kwenye harusi za Wasikh, ambao Afrika Mashariki wamezoeleka kwa jina la Makalasinga. Mafundi na vibarua wengi walioletwa kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901 walitoka Punjab, na jamii zao bado zipo Nairobi, Kisumu, Mombasa na kwingineko. Ndiyo maana phulkari huonekana kama vazi la dini moja. Kwa kweli ilishonwa na wanawake wa Kisikh, wa Kihindu na wa Kiislamu kote Punjab kabla ya mgawanyiko, na baadhi ya kazi za ufundi wa juu kuliko zote zilitoka Hazara, ambako leo ni Pakistan.

Sufu iliingia kwa mlango mwingine

Punjab ilikuwa na historia ya shali za sufu, ila historia hiyo haikukutana na phulkari kwa muda mrefu. Kashmir ilitawaliwa na dola ya Kisikh kuanzia 1819 hadi 1846, na njaa kubwa ya 1833 iliwasukuma wafumaji wengi wa Kashmir kuhamia miji ya Punjab kama Amritsar na Ludhiana. Walikuja na ufundi wa shali, na shali zao zilikuwa bidhaa za soko: mfumaji ni mwanamume, mfanyabiashara yuko mlangoni, bei imepangwa. Phulkari ilikuwa kinyume chake. Ilishonwa nyumbani na wanawake, kwa ajili ya vitu ambavyo bibi harusi huondoka navyo kwao na kwa sherehe, na ilipimwa kwa heshima ya familia kabla ya kupimwa kwa rupia.

Mwisho wa karne ya 19 mambo yalianza kugeuka. Phulkari zilianza kushonwa kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya, na mwaka 1888 Flora Annie Steel, Mwingereza aliyeishi Punjab, aliandika juu ya kazi hiyo katika jarida la sanaa za India na kueleza tofauti kati ya kazi ya nyumbani na ile ya soko. Mgawanyiko wa 1947 uliwatawanya wadarizi na wateja wao pande mbili za mpaka, na familia nyingi za wakimbizi ziliuza akiba zao za phulkari. Uhai uliorudi baadaye ulipitia vikundi vya wanawake, hasa Patiala na vijiji vyake. Lajwanti, mdarizi wa Patiala, alipewa nishani ya serikali ya India ya Padma Shri mwaka 2021 kwa kazi hii.

Katika uhai huo mpya ndipo sufu na phulkari zilipooana vizuri. Ludhiana ni mji wa viwanda vya nguo za sufu; Amritsar inafuma shali. Mteja wa mjini anataka kitu cha kuvaa kazini wakati wa baridi, si shuka nzito ya pamba ya kufunika kichwa siku ya harusi. Shali ya sufu ikawa turubai mpya. Kwa hiyo anayekuambia "hii ndiyo phulkari ya kale, hariri juu ya sufu" anachanganya karne mbili. Na anayekuambia kwamba shali ya sufu haiwezi kuwa phulkari kwa vile si khaddar, naye amekaza kamba kupita kiasi. Mshono ndio unaobeba jina.

Sufu inambadilishia mdarizi nini

Shida ya kwanza ni kuhesabu. Shali nyingi za sufu hufumwa kwa mistari ya mshazari, kisha huoshwa na kusuguliwa ili manyoya yainuke na uso uwe laini. Ulaini huo unaficha nyuzi. Sindano haipati cha kuhesabu. Fundi ana njia mbili. Ya kwanza ni kuchagua sufu iliyofumwa sambamba, moja juu moja chini, isiyoinuliwa manyoya, yenye nyuzi kama 10 kwa kila sentimeta. Hapo anaweza kuhesabu kama kwenye khaddar: inua mmoja, ruka watano au sita, na mshono wa mbele utakuwa na urefu wa milimita tano hadi sita hivi.

Njia ya pili ni kuchora. Mchoro huwekwa kwenye karatasi ang'avu, hutobolewa kwa sindano kila baada ya milimita moja au mbili, kisha karatasi inalazwa juu ya shali na kusuguliwa kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa yaliyochanganywa na unga mweupe au wa buluu. Mafuta yanapotea hewani, unga unabaki. Shali nyingi za sokoni zinashonwa hivi, na mshono huwa wa upande wa mbele. Ndiyo maana zina maua yenye mikunjo ya duara badala ya almasi na pembe tatu. Hilo peke yake halizifanyi bandia. Sainchi nayo ilichorwa. Lakini ikiwa ndani ya mchoro hakuna ile mishono mirefu iliyolala sambamba na kubadili uelekeo, bali mnyororo wa vitanzi au mshono wa kujaza wa kawaida, basi ni shali iliyodariziwa maua, nzuri pengine, ila si phulkari. Hapo muuzaji anauza jina.

Shida ya pili ni mvutano. Uzi wa sufu unanyumbuka, na kitambaa chake vilevile. Hariri na viskosi, uzi wa kiwandani unaotengenezwa kwa massa ya mbao, hazinyumbuki hivyo. Mdarizi akiibana shali kwenye fremu ya duara mpaka ikawa kama ngoma, akashona, akaitoa, sufu itarudi kwenye ukubwa wake na mishono italegea kama kamba za chandarua kilichoshuka. Akivuta uzi kwa nguvu ili kuzuia hilo, kitambaa kitajikunja kuzunguka ua. Dawa ni kuacha fremu kabisa kwa kazi ya kuhesabu, au kuibana kidogo tu na kuitoa kila anapopumzika, maana fremu iliyoachwa usiku mzima huacha alama ya duara ambayo mvuke hauiondoi kwa urahisi.

Ya tatu ni kusinyaa. Unywele wa sufu una magamba madogo sana juu yake. Ukipata joto, maji na msuguano kwa pamoja, magamba hayo hushikana na kitambaa kinasongamana: kinakuwa kifupi, kinene, kigumu. Nyuzi za hariri, viskosi au pamba hazifanyi hivyo. Matokeo yake ni shali ambayo kitambaa kimepungua na ua halikupungua, hivyo ua linafura kama mkate. Ndiyo sababu fundi makini huipitishia shali mvuke au maji baridi kabla ya kushona, akaikausha bapa, ili kusinyaa kwa mwanzo kuishe mapema.

Kuhusu nyuzi, hariri ya pat imekuwa nadra na ghali. Kazi kubwa ya leo ni viskosi, inayong'aa karibu sawa, na akriliki, uzi wa aina ya plastiki, ambayo ni ya bei ndogo na imekufa mwanga. Wengine hutumia uzi wa sufu juu ya sufu. Huo unavumilia kufuliwa kuliko zote kwa kuwa unasinyaa pamoja na kitambaa, ila unapoteza ule mchezo wa wima na mlalo. Ukitaka mwanga, chukua hariri au viskosi; ukitaka shali ya kuvaa kila siku kwenye baridi ya Njombe au Limuru, sufu juu ya sufu inakutosha.

Hatua za kazi yenyewe, kwa shali ya sentimeta 100 kwa 200 yenye uzito wa gramu 300 hadi 400, huenda hivi. Shali inakunjwa mara mbili, kisha mara nne, na mistari ya katikati inawekewa uzi wa muda wa rangi tofauti. Bila mistari hiyo kona nne hazitalingana, na kosa la nyuzi tatu upande mmoja huonekana kama kosa la vidole vitatu ukifika ukingoni. Uzi unakatwa kama sentimeta 45. Mrefu zaidi ya hapo hariri isiyosokotwa inachanika kwa kupitapita kwenye kitambaa. Sindano ni ya ncha butu kwa kazi ya kuhesabu, ili isipasue uzi wa kitambaa badala ya kupita pembeni yake. Hakuna fundo. Mwanzo wa uzi unaachwa mkia wa sentimeta tatu hivi, kisha unafichwa chini ya vidoti vya nyuma, kwa kuwa fundo kwenye sufu laini hutokeza mbele kama kipele. Mdarizi anaanza na muhtasari wa umbo, anajaza robo za wima, anafuata za mlalo. Akihitaji kuhamia ua la mbali, anakata uzi na kuanza upya. Kuuburuta nyuma kwa zaidi ya sentimeta mbili kunaacha kitanzi cha kunasa kidole au hereni, na kama uzi ni mweusi na shali nyeupe, kivuli chake kitaonekana mbele.

Mishono mirefu ndiyo uzuri na ndiyo udhaifu. Kwenye bagh ya kutundikwa au kuvaliwa siku moja, sentimeta moja haina neno. Kwenye shali inayobeba mkoba begani kila siku, chochote kinachozidi milimita saba au nane kitanaswa na zipu.

Geuza upande wa pili

Kama utafanya jambo moja tu dukani, igeuze shali. Kazi ya mkono ya kuhesabu ina nyuma yenye vidoti na mistari mifupi sana, wakati mbele kumejaa. Uwiano huo, nyuma haba na mbele tele, mashine ya kudarizi haiutoi kirahisi kwa sababu hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa chini. Nyuma ya kazi ya mashine utaona uzi wa chini, mara nyingi mweupe au mweusi kwa maua yote bila kujali rangi ya mbele, ukiwa umejaa karibu sawa na mbele. Mara nyingi pia kuna mabaki ya karatasi laini ya kuimarishia, na kila ua ni nakala kamili ya jirani yake mpaka mshono wa mwisho. Kumbuka tu chope: kwa kuwa ile hufanana pande mbili, nyuma iliyojaa vizuri, isiyo na uzi wa chini wa rangi nyingine, inaweza kuwa kazi ya mkono ya hali ya juu.

Wanunuzi wengi hukataa shali kwa sababu ya kiraka kidogo cha rangi isiyolingana, au pembe moja ambayo haikumalizwa. Kwenye phulkari za jadi hicho huitwa nazar buti, alama iliyowekwa makusudi ili kukinga jicho la husuda. Wakati mwingine rangi hubadilika kwa kuwa uzi uliisha na mwingine ulitiwa rangi siku nyingine. Vyote viwili ni dalili za mkono, na havipunguzi thamani.

Udarizi wa Kashmir ndio unaochanganywa zaidi na huu. Sozni ni mishono midogo sana, mifupi, inayofuata majani na maembe yaliyochorwa. Aari hushonwa kwa ndoano na kuacha mnyororo. Kani si udarizi; mchoro wake unafumwa ndani ya kitambaa kwa vijiti vingi vya nyuzi za rangi. Hakuna hata mmoja kati ya hizo wenye mishono mirefu iliyolala sambamba katika vipande vya wima na mlalo.

Baada ya mshono, chunguza kitambaa. Chomoa uzi mmoja kwenye matamvua, ushike kwa koleo, uuchome juu ya sahani. Sufu inaungua taratibu, inanuka nywele zilizoungua, na ukiondoa moto hujizima. Majivu yake meusi yanasagika kwa vidole. Akriliki inayeyuka, inatoa moshi mkali na kuacha shanga nyeusi ngumu isiyosagika. Viskosi inawaka haraka kama karatasi na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Hariri nayo inanuka nywele, kwa hiyo kipimo hiki hakiitenganishi na sufu. Shali nyingi zinazouzwa kama sufu ni mchanganyiko wa sufu na akriliki. Uzi wa namna hiyo utanuka nywele na bado utaacha shanga ngumu. Choma wa mtande na wa mshindio pia, maana wakati mwingine mmoja ni sufu na mwingine sivyo.

Kipimo cha kupitisha shali ndani ya pete hakifai. Pete inapima wembamba na utelezi, na mtandio wa viskosi wa bei rahisi unapita humo bila shida, ilhali shali nzuri ya sufu ya kondoo inakwama. Na mtu akikunong'oneza kwamba ana shahtoosh yenye kupita kwenye pete, ondoka: hayo ni manyoya ya chiru, mnyama wa nyanda za Tibet anayeuawa ili yapatikane, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Jingine linalotumiwa vibaya ni ulinzi wa jina. Mwaka 2011 phulkari ilipata kiashiria cha kijiografia nchini India kwa ajili ya Punjab, Haryana na Rajasthan. Usajili huo unalinda jina na eneo. Muuzaji akikuonyesha karatasi ya jumla kuhusu usajili wa phulkari, hajathibitisha chochote kuhusu shali iliyo mkononi mwake. Muulize mtengenezaji ni nani na kama yeye mwenyewe amesajiliwa kulitumia jina. Tena, phulkari ya Pakistan haimo katika usajili huo, ingawa mizizi yake ni ileile.

Kuitunza kwenye joto na unyevu

Kabla ya kuiosha mara ya kwanza, jaribu rangi. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba, ukibane upande wa nyuma wa ua jekundu na upande wa nyuma wa shali kwa dakika tano. Kikitoka na rangi, usifue nyumbani. Mpelekee dobi mwenye mashine ya kufua bila maji.

Kama rangi imetulia, tumia maji baridi, yasiyozidi nyuzi joto 30, na sabuni laini ya maji kidogo, kijiko kimoja kwa beseni la lita kumi. Epuka sabuni ya unga yenye vimeng'enya vya kuondoa madoa ya damu na chakula: hivyo vimeundwa kuvunja protini, na sufu na hariri ni protini. Jiki ni adui mkubwa zaidi, inaiyeyusha sufu. Zamisha, bonyeza taratibu kwa dakika tatu hadi tano, usisugue, usikamue kwa kupinda. Maji ya kusuuza yawe na joto sawa na ya kufulia, kwani kubadilisha ghafla kutoka vuguvugu kwenda baridi huchochea kusongamana. Viskosi ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, kwa hiyo usiinue shali iliyolowa kwa kushika upande wenye maua. Inyanyue yote kwa mikono miwili. Iviringishe ndani ya taulo ili inyonye maji, kisha ilaze bapa kivulini. Ukiitundika kwenye kamba, uzito wa maji utairefusha katikati na maua yatakwenda mshazari. Pasi ni ya mvuke, upande wa nyuma, shali ikiwa juu ya taulo nene, ili mishono isibanwe.

Mombasa, Tanga na Unguja unyevu ni tatizo kubwa kuliko jua. Shali iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki itaota ukungu. Ifunge kwenye pamba safi isiyo na rangi, ikunje kwa mkunjo mlegevu, na kila miezi miwili ifungue, ipate hewa kivulini, kisha ikunje mahali pengine ili hariri isikatike kwenye mkunjo uleule.

Nondo mwenyewe hali nguo. Wanaokula ni mabuu wake, na wanapenda zaidi sufu yenye jasho au mafuta ya kichwa. Kwa hiyo safisha kabla ya kuhifadhi, hata kama shali imevaliwa mara moja. Majani makavu ya mwarobaini na karafuu husaidia kuwafukuza, ila hayaui mayai yaliyokwisha tagwa, na yasiguse kitambaa moja kwa moja kwani huacha madoa. Vidonge vyeupe vya nafthalini vina madhara kwa afya, hasa chumba kikiwa hakina hewa. Ukishuku kuna mabuu, ifunge shali kavu kabisa kwenye mfuko usiopitisha hewa, iweke kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na uitoe bila kufungua mfuko mpaka ifikie joto la chumba, la sivyo umande utaganda juu yake.

Na mshono ukinaswa na zipu, usikate kitanzi. Ingiza sindano butu kutoka nyuma, tafuta mshono wa jirani, uvute ulegevu kidogo kidogo kuelekea pande zote mbili mpaka kitanzi kilale. Kikiwa kirefu mno kulala, kivute chote upande wa nyuma na ukishikize hapo kwa uzi mwembamba wa rangi ya shali.